Sura ya Tatu: Banda Kabla ya Kuku

Watu wengi hununua kuku Jumamosi, wakaanza kutafuta mabanzi Jumapili. Usiku wa kwanza kuku wanalazwa stoo, wa pili chini ya ngazi, na siku ya tatu fundi anaitwa haraka haraka apigilie chochote kitakachofungika. Banda la namna hiyo huamuliwa na mabaki ya mbao yaliyokuwapo, si na mahitaji ya kuku. Mwenye nyumba analiona limesimama, analitia kufuli, anaridhika. Miezi michache baadaye kuku wanakoroma usiku, mayai yanaokotwa yakiwa machafu, vifaranga wanapungua mmoja mmoja, na lawama zote zinakwenda kwa muuza chakula au kwa aliyewauza kuku.

Ombi langu katika sura hii ni kugeuza mpangilio huo. Banda litangulie, kuku wafuate. Na katika banda lenyewe, hewa itangulie, kuta zifuate. Ukiyashika mambo hayo mawili, yaliyobaki ni hesabu na misumari.

Hewa kwanza

Fundi aliyezoea kujenga nyumba za watu huja na mawazo ya nyumba ya watu. Atakuuliza, "Mama, dirisha tuweke moja tu dogo, au siyo? Wezi ni wengi siku hizi." Na mama, akikumbuka baridi ya alfajiri, anakubali. Kinachotokea ni boksi la mabanzi lenye tundu moja karibu na paa. Mwizi huja mara moja moja. Hewa mbaya imo humo kila usiku.

Sababu iko katika mwili wa kuku mwenyewe. Joto lake ni nyuzi 41 hadi 42 za Selsiasi, zaidi ya letu. Manyoya yamemfunika, na hana tezi za jasho, hivyo joto likizidi njia yake kubwa ya kujipoza ni kuhema. Mtazame saa nane mchana mjini Dar es Salaam mwezi wa Februari: mdomo uko wazi, mabawa ameyaachanisha na mbavu, ngozi ya koo inapigapiga upesi upesi. Kila pumzi inatoa mvuke. Mvuke ukikosa pa kutokea, hewa inajaa unyevu na kuhema hakumsaidii tena. Kuku aliyezidiwa na joto hupunguza kula, na akipunguza kula hupunguza kutaga.

Jambo la pili ni kinyesi. Mkojo wa kuku hautoki peke yake. Ule weupe unaouona juu ya kinyesi ndio mkojo wake. Bakteria wakianza kuuozesha, hasa palipo na unyevunyevu, hutoka gesi ya amonia. Gesi hiyo huchoma macho na kuharibu utando wa njia ya hewa, ambao kazi yake ni kuzuia vijidudu visipenye. Ndiyo maana katika banda lililozibwa mafua hayaishi, hata ukinunua dawa kila wiki.

Kupima amonia hakuhitaji kifaa. Nenda bandani alfajiri, kabla hewa ya mchana haijaingia, uchuchumae mpaka pua yako iwe usawa wa kichwa cha kuku, kisha uvute pumzi. Ukisimama wima huenda usisikie chochote, maana gesi inatokea sakafuni, wanakoishi wao. Macho yakikuwasha au pua ikikuchoma, ujue kuku wako wameivuta hewa hiyo usiku kucha.

Piga hesabu kabla ya kuita fundi

Tuchukue mfano mmoja na tuende nao mpaka mwisho: kuku 12 wakubwa wa kienyeji au chotara, mitetea 11 na jogoo mmoja, uani kwa nyumba ya kawaida mjini Morogoro. Kama unachotaka ni mayai ya kula tu, jogoo si lazima. Mtetea hutaga bila jogoo, ila mayai hayo hayataanguliwa. Mwenye majirani wa karibu aliwaze hilo, kwa sababu jogoo hasubiri jua lichomoze ndipo awike.

Kwa kuku wanaotoka nje mchana, weka wanne katika kila mita moja ya mraba. Kuku 12 wanahitaji mita 3 za mraba, yaani banda la urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.5. Kama kwenu hakuna pa kuwaachia, ongeza ubavuni uga uliozungushiwa wavu, ukubwa wa mita moja ya mraba au zaidi kwa kila kuku. Humo watachakura, wataota jua na kuoga vumbi. Usiwanyime vumbi, ndilo linalowasaidia kujisafisha manyoya na kupunguza chawa.

Nafasi si anasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, msomi wa Norway aitwaye Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyewachunguza kuku tangu utotoni, alionyesha kwamba kila kundi lina ngazi zake: kuna anayewadonoa wote na kuna anayedonolewa na wote. Mfugaji yeyote akikaa na kuku wake jioni moja atalishuhudia hilo mwenyewe. Kuku wa ngazi ya chini anaishi kwa kukwepa. Banda likiwa dogo hana pa kukwepea, anadonolewa mpaka damu itoke, na damu ikishaonekana wengine nao wanaingia. Kwa sababu hiyohiyo, weka vyombo vya chakula na maji mahali pawili. Mmoja akilinda kimoja, mnyonge anakula kwenye kingine.

Mahali na mwelekeo

Chagua mahali palipoinuka kidogo, ambapo maji ya mvua hayatuami wala hayapiti. Usijenge jirani na kisima. Uwe mbali na madirisha ya jirani, lakini karibu na chumba unacholala, usikie kuku wakishtuka usiku. Ukiwa mjini, pitia kwanza ofisi ya serikali ya mtaa uulize sheria ndogo za halmashauri kuhusu mifugo. Swali hilo ni rahisi kuliko kubomoa.

Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi. Katika nchi zetu za karibu na ikweta, jua la mchana liko juu na paa linalizuia. Jua linaloingia ndani kwa nguvu ni lile la asubuhi na la alasiri, ambalo huja chini chini na halizuiwi na paa lolote. Kwa hiyo zile kuta mbili fupi, ya mashariki na ya magharibi, ziwe ndizo zilizozibwa, na ubavu mrefu wa kaskazini na wa kusini uwe wa wavu. Kivuli cha mti upande wa magharibi kitakusaidia sana alasiri.

Kanuni hiyo ina mipaka, kwa sababu banda hujengwa kwa hali ya hewa ya mahali. Dar es Salaam, Tanga au Unguja, adui mkubwa ni joto lenye unyevu. Ukuta wa kuziba uishie usawa wa goti, na kutoka hapo mpaka kwenye paa pawe wavu mtupu. Dodoma hewa ni kavu na kiangazi huwa na upepo wenye vumbi, kwa hiyo inua ukuta upande unakotoka upepo na uache upande wa pili wazi. Njombe na Makete, ambako baridi ya Juni na Julai ni kali, inua kuta mpaka zipite vichwa vya kuku waliolala, lakini bado uache ukanda wa wavu chini ya paa kuzunguka banda lote. Ning'iniza magunia au turubai unayoweza kuishusha usiku na kuikunja asubuhi.

Hapo ndipo wengi wanapochanganya mambo. Kinachomuumiza kuku wa Njombe ni upepo unaompiga akiwa amelala. Hewa inayopita juu ya kichwa chake haimdhuru. Inambebea unyevu na harufu kwenda nje. Manyoya makavu yanastahimili baridi vizuri. Manyoya yaliyolowa unyevu hayawezi.

Wavu, mlango na paa

Ule wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita unaouzwa madukani kwa jina la wavu wa kuku unafaa kumzuia kuku asitoke. Kumzuia adui asiingie ni kazi nyingine. Mbwa anauchana, kicheche anaupenyeza mkono, na nyoka na panya wanapita kwenye matundu. Sehemu ya chini, mpaka usawa wa kiuno, tumia wavu mgumu wa kuchomelea wenye matundu ya nusu inchi. Juu yake wavu wa kawaida unatosha. Kwa wezi, pigilia nondo au vyuma vya dirisha nyuma ya wavu huo na utie kufuli la maana. Hivyo mwizi anazuiwa na hewa inapita.

Adui wengi huingia kwa kuchimba. Chimba mtaro wa sentimita 30 kuzunguka banda, shusha wavu humo na uukunje kuelekea nje kabla ya kufukia. Nguchiro huanza kuchimba palepale ukuta unapokutana na ardhi. Akigonga wavu anahama.

Nguzo za mirunda zina adui wao, mchwa. Paka oili chafu sehemu itakayofukiwa, au bora zaidi, zisimamishe juu ya vitako vya zege ili mti usiguse udongo.

Mlango uwe wa mtu kuingia wima au kwa kuinama kidogo. Ukimlazimisha anayefagia kutambaa, atafagia wiki ya kwanza na ya pili, kisha basi. Ufungukie nje, maana ukifungukia ndani utakwama kwenye matandazo. Chini yake weka kizingiti cha sentimita 20 kuzuia matandazo yasimwagike.

Paa la makuti au nyasi lina ubaridi mzuri, lakini huoza, na ndani yake hujificha panya, nyoka na utitiri. Bati linadumu na ni rahisi kusafisha, ila huwaka mchana. Ukitumia bati, inua paa mpaka mita 2 au zaidi na utandaze makuti au nyasi juu ya bati. Muhimu kuliko aina ya paa ni ukingo wake: litokeze sentimita 60 au zaidi nje ya kuta. Ukingo huo ndio unaokuruhusu kuacha wavu wazi wakati wa masika bila mvua ya kusukumwa na upepo kulowesha sakafu.

Ndani ya banda

Kuku wetu wote asili yao ni kuku pori mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, na ndege huyo usiku hulala mtini. Tabia hiyo haijamtoka kuku wa Morogoro. Jua likizama anatafuta pa juu, na asipopapata anajibanza kwenye kona juu ya kinyesi. Mpe vichanja.

Tumia miti au mbao zenye unene wa sentimita 4 hadi 5, kingo ukiziviringisha kwa randa ili zisimuumize nyayo. Kila kuku anahitaji sentimita 20 hadi 25. Kuku wetu 12 wanahitaji mita 3, kwa hiyo vichanja viwili vya mita 2 vinawatosha na nafasi inabaki. Viweke kati ya sentimita 60 na 90 kutoka sakafuni. Kuku wazito wawekewe chini zaidi, wasije wakaumia miguu wakiruka. Cha kwanza kiwe sentimita 30 kutoka ukutani, cha pili sentimita 40 kutoka cha kwanza, na vyote usawa mmoja. Kimoja kikiwa juu, kila jioni watapigania hicho. Chini ya vichanja usiweke chakula wala maji, kwa sababu hapo ndipo kinyesi kingi cha usiku kinapoangukia.

Viota ni mambo ya faragha. Mtetea anapotaka kutaga hutafuta pembe ya giza, tulivu, yenye kitu kikavu cha kulalia. Kiota kimoja kinatosha mitetea wanne, hivyo viota vitatu vinawatosha mitetea wetu 11. Kila kimoja kiwe na upana na kina cha sentimita 30 na kimo cha sentimita 35, na mbele kiwe na ubao wa sentimita 10 wa kuzuia mayai na nyasi visitoke. Viota viwe chini kuliko vichanja. Vikiwa juu, kuku watalala humo na asubuhi utaokota mayai yaliyopakwa kinyesi. Ukiweza, tokeza viota nje ya ukuta na uvitilie kifuniko chenye bawaba, ili watoto waokote mayai bila kuingia bandani.

Mtetea anayeatamia mhamishie kwenye kizimba chake, na vifaranga wabaki humo na mama yao wiki za kwanza. Ukilea vifaranga bila mama, waanzishie joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, ukipunguza takriban nyuzi 3 kila wiki. Vifaranga wenyewe watakuambia vizuri kuliko kipimajoto: wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakijitenga pembeni huku wanahema joto limezidi, wakitawanyika na kudonoa umepatia.

Maji yasikauke. Kuku mkubwa hunywa kama robo lita kwa siku, na siku za joto kali hufika hata maradufu. Kwa kuku 12 andaa lita 3 siku ya kawaida na lita 6 kiangazi. Vyombo vya chakula na maji vining'inie usawa wa mgongo wa kuku, wasivikanyage wala kuvinyea.

Sakafu

Saruji ni rahisi kuosha na panya hachimbi. Udongo ulioshindiliwa vizuri nao unafaa, mradi uinuke kuliko ardhi ya nje. Penye mvua nyingi, banda la kuinuliwa juu ya nguzo lenye sakafu ya fito zilizoachana kidogo ni chaguo zuri, kwa kuwa kinyesi hudondoka chini na kuzolewa kila siku.

Juu ya saruji au udongo tandaza maranda ya mbao au pumba za mpunga, unene wa sentimita 10. Kisha ujifunze kuyasoma kwa mkono. Chota konzi moja chini ya kichanja na uifinye. Ukiachia kiganja na konzi ikabaki donge, matandazo yamelowa na amonia iko njiani: toa yaliyolowa, ongeza makavu, tafuta maji yanatoka wapi. Ikikatika taratibu vidoleni, iko sawa. Ikipeperuka vumbi tupu, imekauka mno na vumbi hilo linaingia mapafuni mwa kuku. Matandazo yaliyotolewa usiyamwage kwenye mboga moja kwa moja, kwa sababu samadi mbichi ya kuku huunguza mimea. Yarundike yaoze kwanza, kisha mchicha na migomba itakushukuru.

Banda linalokusaidia kupambana na maradhi

Utitiri mwekundu hunyonya damu usiku na mchana hujificha kwenye nyufa. Mfugaji anaweza kumkagua kuku wake mchana kutwa asione kitu, huku kuku anafifia na upanga wake unapauka. Nenda saa mbili au tatu usiku na tochi na karatasi nyeupe, uipitishe chini ya kichanja, hasa kwenye ncha zinapoegemea. Ikirudi na michirizi ya damu, umewakuta. Ndiyo sababu nakuomba usipigilie vichanja misumari. Viegemeze kwenye vishikio ili uweze kuvitoa, kuvimwagia maji ya moto na kuvianika juani. Kuta zipake chokaa, ukiziba kila ufa.

Maradhi yanayoweza kufyeka kundi zima kwa siku chache ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Hauna tiba; una chanjo. Chanjo ya I-2 ilitokana na utafiti wa Australia uliowalenga kuku wa vijijini, inastahimili joto kuliko chanjo za zamani, na Tanzania huizalisha yenyewe. Ni tone moja jichoni, likirudiwa kila miezi mitatu. Lakini kuku wanaolala mwembeni hakuna awezaye kuwakamata wote. Kuku walio bandani, gizani, wametulia juu ya vichanja, unawachukua mmoja mmoja na kazi inakwisha kabla ya chakula cha usiku.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na hapa kamba ina kazi yake. Kila kuku unayemnunua au kupewa mtenge wiki mbili kabla ya kumchanganya na wenzake. Pangilia kizimba hicho tangu kwenye mchoro, maana siku utakayoletewa kuku wa zawadi hutapata muda wa kukijenga.

Fedha ikiwa haitoshi

Wengi wetu tunajenga kwa fedha ya kuungaunga, na hilo si aibu. Anza na paa lenye ukingo mrefu, sakafu iliyoinuka na wavu mgumu wa chini. Kuta za matofali, rangi na saruji vinaweza kusubiri mwaka ujao. Banda likishasimama, subiri mvua moja kubwa inyeshe, uingie uguse kila kona kwa kiganja. Penye unyevu rekebisha kabla ya kununua kuku hata mmoja.

Na kama hesabu bado inakataa, punguza idadi ya kuku, usipunguze wavu wala nafasi. Kuku sita katika banda lenye hewa watakupa mayai, vifaranga na samadi. Kuku 20 katika banda lililozibwa watakumalizia fedha yote kwenye duka la dawa za mifugo.